Maisha ya Bwana Eliot Porter, Mpiga Picha wa Majani

Katika maktaba ya shule yetu, rafu ya chini kabisa karibu na dirisha, kuna kitabu kikubwa ambacho wanafunzi wengi hukipita bila kukigusa, kwa kuwa ni kizito na hakimo katika mitihani. Kilichapishwa Marekani mwaka 1972. Habari zake ziliandikwa na Bwana Peter Matthiessen, na picha zake zilipigwa na Bwana Eliot Porter, nazo ni picha za nchi zetu hizi za Afrika Mashariki. Muhula uliopita nilikifungua kwa kutafuta wanyama. Wanyama niliwapata, lakini kadiri nilivyofunua kurasa niliona kwamba mtu huyu aliutazama mti kwa makini yale yale aliyomtazamia mnyama. Nikataka kujua ni mtu wa namna gani.

Mwalimu wetu wa Biolojia alinisaidia kutafuta habari zake, na mambo mawili yalinishangaza. La kwanza, huko kwao Bwana Porter alijulikana si kwa picha za tembo wala twiga, bali kwa picha za ndege na za majani ya miti, hasa majani yaliyokaribia kuanguka au yaliyokwisha kuanguka. La pili, alikuwa amesomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Harvard, akaacha kazi ya chuo hicho akiwa na umri wa miaka 37 ili apige picha. Hili la pili ndilo lililonigusa zaidi. Mimi ni mwanafunzi wa Kidato cha Tano, nasoma Fizikia, Kemia na Biolojia, na baba yangu ni tabibu katika zahanati. Tangu nilipokuwa darasa la tatu, nyumbani kwetu haijapata kuulizwa nitakuwa nani nikiwa mtu mzima. Jambo hilo lilikwisha kukatwa. Tena mimi ndiye mtunzaji wa kamera ya chama chetu cha picha. Kwa hiyo naandika habari hizi kwa wanachama wenzangu, na pia kwa wazazi watakaolisoma gazeti hili.

Eliot Porter alizaliwa tarehe 6 Desemba 1901 katika mji mdogo wa Winnetka, ulio kando ya Ziwa Michigan, kaskazini ya Chicago. Walikuwa watoto watano. Ndugu yake mmoja, Fairfield, baadaye alikuwa mchoraji mashuhuri. Baba yao alikuwa amesomea ujenzi wa majumba, lakini moyo wake ulikuwa katika elimu ya viumbe, nyota na mawe, na aliwafundisha wanawe kutazama vitu vya porini kwa utaratibu. Mwaka 1912 alinunua kisiwa kizima karibu na pwani ya Maine, kiitwacho Great Spruce Head, na huko ndiko familia ilikokwenda kila kiangazi. Katika kisiwa hicho mtoto Eliot alitambaa kati ya miti akiwa na kamera ya sanduku ya Kodak, akiwapiga picha ndege katika viota vyao.

Hapa sina budi kusema jambo ambalo wapenda kusifu hulisahau. Watu wanaoweza kununua kisiwa si maskini. Familia ya Porter ilikuwa na mali, na mali hiyo ilimsaidia Eliot maisha yake yote. Mtu akikuambia kwamba daktari fulani aliacha mshahara akafuata anachokipenda, ni haki yako kuuliza alikula nini. Yeye alikuwa na cha kula. Lakini matajiri wengi nao wana cha kula na hawakufanya lolote lenye kukumbukwa, kwa hiyo tusiishie hapo.

Akasoma Harvard. Mwaka 1924 alipata shahada ya uhandisi wa kemia, na mwaka 1929 shahada ya udaktari. Hakufungua nyumba ya kutibia wagonjwa. Alibaki chuoni akifundisha na kuchunguza mambo ya bakteria na ya kemia ya viumbe. Alifanya kazi hiyo karibu miaka 10, na kwa kadiri ilivyoandikwa alikuwa mtu wa bidii, lakini hakuridhika. Alijiona kuwa si mwanasayansi wa kugundua mambo makubwa. Naona ni jambo gumu sana mtu kujipima hivyo baada ya kusoma miaka yote ile, na wengi wetu tungejidanganya mpaka siku ya kustaafu.

Mnamo mwaka 1930 alinunua kamera ndogo ya Leica, akawa anapiga picha baada ya saa za kazi. Kisha akakutana na Bwana Ansel Adams, yule mpiga picha wa milima ya California. Alipoziona picha za Bwana Adams alitambua mara moja kwamba zake bado, akaiweka ile kamera ndogo kando na kuanza kutumia kubwa. Pia alikuwa akipeleka picha zake New York kwa mzee mmoja mashuhuri, Bwana Alfred Stieglitz, aliyekuwa na chumba cha maonyesho. Mzee huyo hakuwa mwepesi wa kusifu. Alimwambia kijana afanye bidii zaidi, akamrudisha nyumbani. Kijana akaenda akarudi, akaenda tena akarudi, kwa muda wa miaka kadhaa. Hatimaye mwishoni mwa Desemba 1938 Bwana Stieglitz alizitundika picha zake ukutani. Maonyesho hayo yalimpa Porter moyo, na mwaka 1939 akaiaga kazi yake ya Harvard.

Picha zile za kwanza zote zilikuwa nyeusi na nyeupe. Rangi ilimjia kwa njia ya ndege. Alitaka kutoa kitabu cha ndege, lakini mchapishaji aliyemwendea alimjibu kwamba picha zisizo na rangi hazifai, maana msomaji hawezi kumtambua ndege asipoziona rangi za manyoya yake. Mtu mwingine angenuna. Yeye alirudi akajifunza kupiga picha za rangi, na kusafisha picha za rangi kwa mkono wake mwenyewe. Hapo kemia yake ya Harvard, ambayo pengine wazazi walidhani imepotea bure, ilimrudia ikiwa na faida.

Yafaa wasomaji wakumbuke kwamba siku zile mafundi wakubwa wa picha waliidharau rangi. Walisema rangi ni ya matangazo ya sabuni na sigara, na kwamba mwenye ustadi hutumia nyeusi na nyeupe. Bwana Adams mwenyewe, rafiki yake, aliendelea kupendelea nyeusi na nyeupe mpaka mwisho wa maisha yake. Kwa hiyo Bwana Porter alipoigeuzia miti kamera yake ya rangi alikuwa karibu peke yake.

Sasa nieleze hayo majani, kwa maana sisi wa pwani tunaweza kushangaa ni kitu gani kilichomvuta. Katika nchi za kaskazini, kuanzia Septemba hadi Novemba, kuna majira ambayo miti mingi hupukutisha majani yote kabla ya baridi. Vitabu vyetu huyaita majira hayo vuli, na jina hilo linatupoteza kidogo, kwa sababu kwetu vuli ni mvua na majani mapya, na kwao ni majani kufa. Siku zinapokuwa fupi, mti huanza kuziba njia ya maji pale kikonyo cha jani kinaposhikana na tawi. Ile rangi ya kijani, yaani klorofili, haitengenezwi tena, nayo huvunjika na kutoweka. Rangi ya manjano iliyokuwamo ndani ya jani siku zote, lakini imefunikwa na kijani, ndipo huonekana. Nyekundu ina habari nyingine: katika miti mingi haikuwamo tangu mwanzo, bali jani huitengeneza katika siku zake za mwisho kutokana na sukari iliyobaki ndani yake, na hutokea vizuri zaidi mchana ukiwa wa jua na usiku ukiwa wa baridi isiyo kali sana. Mti wa mepo, ambao jani lake limechorwa katika bendera ya Kanada, huwa mwekundu kama moto. Katika majimbo ya Maine, New Hampshire na Vermont milima mizima hugeuka rangi kwa muda wa wiki chache tu, kisha upepo hupita na yote huwa chini.

Watu elfu na elfu huenda kuyatazama majani hayo kila mwaka, na karibu wote hupiga picha. Wengi husimama barabarani saa sita mchana, jua likiwaka, wakaupiga mlima wote na mbingu juu yake. Bwana Porter hakufanya hivyo. Aghalabu aliiacha mbingu nje ya picha kabisa. Aliingia ndani ya msitu, akainama. Alipendelea siku ya mawingu au mahali penye kivuli, kwa sababu jua kali huling’arisha jani mpaka rangi yake ikapotea, na hapo hapo hutia vivuli vyeusi ambavyo filamu haiwezi kuona ndani yake. Katika mwanga mpole kila jani husema rangi yake. Tena alijua kwamba kivuli si cheusi. Kitu kilicho kivulini chini ya mbingu safi hupokea mwanga wa buluu kutoka juu, na macho yetu hayaijali buluu hiyo, lakini filamu huiona. Wengine waliihesabu kuwa kosa. Yeye aliiacha ikae kando ya manjano na nyekundu, na ndiyo maana picha zake zina utulivu fulani ambao si rahisi kuueleza.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kuchosha. Kamera yake ilikuwa ya kusimamishwa juu ya miguu mitatu, na filamu yake haikuwa mkanda bali vipande vipana, kila kipande kikipachikwa peke yake. Mpiga picha hujifunika kitambaa cheusi kichwani, akatazama kioo cha nyuma ambamo picha huonekana kichwa chini, miguu juu. Filamu za rangi za wakati ule zilikuwa nzito kupokea mwanga, hivyo kivulini ilimbidi aache mwanga uingie kwa muda mrefu. Upepo ukitikisa jani moja katikati, picha imeharibika. Basi husimama akangoja upepo utulie, na asipotulia hurudi kesho, na kesho kutwa majani yamekwisha anguka.

Picha yake mojawapo ninayoipenda kuliko zote aliipiga New Hampshire tarehe 4 Oktoba 1953. Ni kidimbwi kidogo tu katika kijito. Majani yaliyoanguka yako majini, na juu ya maji hayo kuna rangi za miti iliyo juu na za mbingu, ijapokuwa miti na mbingu zenyewe hazimo katika picha. Mara ya kwanza nilidhani ni kitambaa. Nilihitaji muda kutambua maji ni yapi na kivuli cha mti ni kipi. Watu maelfu wangeweza kukiruka kidimbwi hicho bila kukiangalia.

Nilipokwisha kusoma hayo nilichukua kamera ya chama nikaenda kwenye mkungu ulio nyuma ya bweni letu. Kila aliyepita shule hii anaujua, kwa kuwa wote tumepasua kungu zake kwa mawe. Mkungu ni mmoja wa miti yetu michache yenye desturi kama ile ya kaskazini: wakati wake ukifika, majani yake makubwa hugeuka manjano, rangi ya chungwa na nyekundu, kisha huanguka, na zamu ya usafi hulalamika. Mimi nami nimelalamika mara nyingi nikiwa na ufagio mkononi. Siku ya kwanza nilikwenda baada ya chakula cha mchana, nikapiga picha 20. Zote zilikuwa mbaya. Jani la mkungu ni laini na linang’aa, kwa hiyo jua lilifanya mabaka meupe juu ya wekundu wote. Nilirudi asubuhi iliyofuata kabla ya kengele ya gwaride, kulipokuwa na mawingu na mvua ilikuwa imenyesha usiku. Nililala kifudifudi juu ya matope, na wenzangu wakanicheka. Lakini safari hii jani lilitoka na mishipa yake yote, na tone la maji kwenye kikonyo. Nilitupa picha 17 na kubakiza 3.

Nirudi kwa Bwana Porter. Mwaka 1946 alihamia Tesuque, karibu na mji wa Santa Fe katika jimbo la New Mexico, pamoja na mkewe Aline, aliyekuwa mchoraji. Kutoka huko alisafiri mara kwa mara kwenda misitu ya mashariki. Katika chumba chake cha giza alitumia njia ngumu kuliko zote za kutia picha rangi katika karatasi. Kutokana na filamu moja alitengeneza negativu tatu, kila moja kwa kupitisha mwanga katika kioo cha rangi yake: nyekundu, kijani na buluu. Kutokana na negativu hizo alipata tando tatu za jelatini. Utando mmoja uliloweshwa rangi ya manjano, wa pili nyekundu yenye zambarau, wa tatu buluu yenye kijani. Kisha ulilazwa mmoja mmoja juu ya karatasi ile ile, mahali pale pale hasa, mpaka kila utando umetoa rangi yake. Ukikosea kwa unene wa unywele, jani hupata kingo mbili. Faida yake ni kwamba fundi aliweza kuongeza au kupunguza rangi moja bila kuigusa nyingine, na picha hizo hudumu. Kodak waliacha kutengeneza vifaa vya njia hiyo katika miaka ya 1990, na leo wanaoiweza ni wachache mno.

Mkewe ndiye aliyetoa shauri lililomletea sifa. Alimwambia aziunganishe picha zake za misitu na maandishi ya Henry David Thoreau, mwandishi wa Massachusetts aliyeishi kati ya mwaka 1845 na 1847 katika kijumba alichokijenga mwenyewe kando ya bwawa la Walden. Thoreau alifariki mwaka 1862, na mwaka huo huo ikachapishwa insha yake ndefu juu ya rangi za majani yanapokaribia kuanguka. Kwa hiyo wawili hao walikuwa wamesimama chini ya miti ile ile, ila kwa kupishana miaka 100, mmoja na kalamu na mwingine na kamera. Bwana Porter aliifanya kazi hiyo karibu miaka 10. Akayasoma maandishi, akaenda misituni, akarudi kuyasoma. Wachapishaji walipoonyeshwa walisema gharama ya kuchapa picha zote hizo kwa rangi ni kubwa, hakuna atakayenunua.

Mwishowe chama cha kuhifadhi mazingira kiitwacho Sierra Club, ambacho mkurugenzi wake alikuwa Bwana David Brower, kilikubali. Kitabu kilitoka mwaka 1962, miaka 100 kamili tangu Thoreau kufariki, nacho kiliitwa In Wildness Is the Preservation of the World. Bei yake ilikuwa dola 25, fedha nyingi kwa siku zile. Kikanunuliwa kuliko ilivyotazamiwa, na baadaye kikachapwa tena kwa bei nafuu ili watu wa kawaida wakipate. Watu waliokuwa hawajawahi kuhudhuria mkutano wowote wa kutetea misitu walikifungua sebuleni mwao wakaona jani, na wengine wao wakajiunga na chama.

Kilichofuata hakikuwa na furaha. Katika mpaka wa Arizona na Utah, Mto Colorado ulipita katika bonde refu la mawe mekundu liitwalo Glen Canyon. Serikali ilikuwa inajenga bwawa huko. Wengi wa waliokuwa na uwezo wa kulitetea bonde hilo hawakuwa wameliona, na walipoliona muda ulikuwa umepita. Bwana Porter alikwenda mara ya kwanza mwaka 1960, akarudi tena na tena, akipita kwa mashua na kwa miguu katika njia nyembamba ambamo mwanga hufika chini baada ya kugonga ukuta huu na ule. Alipiga mawe, maji, matone, unyevu ukutani, kwa jicho lile lile alilolipatia mazoezi kwenye majani. Mwaka 1963 milango ya bwawa ikafungwa na maji yakaanza kupanda. Mwaka huo huo kitabu chake kikatoka, nacho kiliitwa mahali pasipojulikana na mtu. Kilikuja kama picha ya marehemu inavyokuja baada ya maziko. Ziwa lilijaa kabisa mwaka 1980. Katika miaka ya karibuni ukame umeyashusha maji, na baadhi ya mabonde aliyoyapiga picha yameonekana tena, yakiwa na alama nyeupe ya maji kwenye kuta.

Sitaki kumfanya malaika. Picha zake hazikulizuia bwawa lile. Tena wako wanaosema kwamba alipokuwa akiinamia jani aliziacha nje ya picha barabara, viwanda na watu, kana kwamba porini hapana binadamu. Nadhani neno hilo lina ukweli, na hata katika kitabu kile cha Afrika Mashariki mtu aweza kujiuliza hivyo. Lakini nimelinganisha na picha zetu za chama, ambazo karibu zote ni sisi wenyewe tukiwa tumevaa miwani, nikaona ni afadhali kuwe na mmoja anayetazama chini.

Miaka iliyobaki alisafiri sana: visiwa vya Galápagos, Iceland, Antaktika, Uchina, na huku kwetu. Mwaka 1979 jumba kubwa la sanaa la Metropolitan, New York, lilifungua maonyesho ya picha zake. Ilikuwa mara ya kwanza kwa jumba hilo kumpa mpiga picha mmoja maonyesho ya picha za rangi peke yake, jambo ambalo miaka 40 kabla yake wakubwa wa kazi hiyo wangelicheka. Mwaka 1990 alitoa kitabu pamoja na Bwana James Gleick, mwandishi wa mambo ya sayansi, juu ya namna vitu vya asili, kama vile maji na matawi, vinavyoonekana kuwa ovyo lakini vina utaratibu ndani yake. Hivyo mwishoni alirudi kukaa meza moja na sayansi. Alifariki Santa Fe tarehe 2 Novemba 1990, akiwa na umri wa miaka 88. Picha na negativu zake aliziachia jumba la Amon Carter katika mji wa Fort Worth, Texas, na huko ndiko zilipo.

Siku ya wazazi chama chetu kilibandika picha zetu katika ukuta wa bwalo. Yangu ilikuwa ile ya jani la mkungu. Baba alifika kwa basi la saa nne. Nilimwamkia, nikambebea mfuko wake, tukaenda kutazama maendeleo yangu ya masomo kwanza, kama ilivyo desturi yake. Kemia ilikuwa nzuri, Fizikia si nzuri sana. Kisha tukapita bwaloni. Alisimama mbele ya jani lile akavaa miwani yake ya kusomea, akalitazama kama anavyomtazama mtoto aliyeletwa na homa, akaniuliza lina ugonjwa gani. Nilimweleza kwamba haliumwi, nikamweleza habari ya klorofili, na ya wekundu unaotengenezwa siku za mwisho. Alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza nililipiga saa ngapi, na kwa nini hapakuwa na kivuli. Nikamsimulia habari za Bwana Porter, ila ile ya kuacha Harvard niliifikia polepole sana. Hakusema neno juu yake. Aliuliza tu kama yule bwana alipata kuitumia tena kemia aliyoisoma, nikamjibu kwamba aliitumia kila siku.

Wakati wa kuondoka aliniomba picha ile. Nimesikia kutoka kwa mdogo wangu kwamba ameibandika zahanati, katika chumba cha kungojea, karibu na chati ya chanjo, na kwamba wagonjwa humwuliza ni ugonjwa gani.